Soketi inaungua, breka imetulia: hesabu ya volti, ampea, omu na wati

Shangazi yangu aliponiita nikamtazamie soketi ya jikoni, nilikuta nusu ya uso wake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Plastiki ya kuzunguka tundu la kulia ilikuwa imevimba, na ukiisogelea unapata ile harufu inayofanana na samaki wa jana. Fundi akiinusa hiyo haulizi tena swali, anakwenda kuzima meni switchi.

"Mwanangu, soketi hii ina neno," aliniambia. "Nikichomeka simu, kimya. Nikichomeka birika, inanuka. Na breka haijakata hata siku moja."

Nilikuwa nimefuatana na kijana anayenisaidia kazi wakati wa likizo, yuko kidato cha tatu. Tulipokuwa tunafungua skrubu akanitupia swali ambalo watu wazima wengi wenye vyeti hulikwepa. "Fundi, shuleni tumeandikiwa nguvu ni I mara I mara R, yaani mkondo mara mkondo mara ukinzani. Hapo ukinzani ukiwa mkubwa, joto ni kubwa. Ukurasa huohuo tumeandikiwa nguvu ni V mara V, yaani volti mara volti, gawanya kwa R. Hapo ukinzani ukiwa mkubwa, joto ni dogo. Sasa tushike ipi?"

Jibu lilikuwa ndani ya soketi ile, lakini ili tulione inabidi kwanza tupange maneno, maana nusu ya tatizo ni lugha. Kiswahili chetu cha kila siku kimelibebesha neno "umeme" mizigo minne. Mtu akisema "leo umeme mdogo", anazungumzia volti. Akisema "umeme umenipiga", kilichompiga ni mkondo, unaopimwa kwa ampea. Akisema "jiko hili linakula umeme", analaumu wati. Na akisema "umeme umeisha, nitumie hela", hizo ni uniti za kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla. Omu peke yake ndiyo haina msemo mtaani. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba nyumba yake ina omu nyingi, na siku ile ndiyo hasa ilikuwa shida ya shangazi.

Walimu wengi hueleza kwa mfano wa maji na bomba. Mimi huwa natumia makuli wa bandarini. Wako kwenye mstari, kila mmoja na gunia begani, wanapita getini. Uzito wa gunia ambalo kila kuli amebeba ndio volti. Idadi ya makuli wanaopita getini kwa sekunde ndiyo ampea. Ukitaka kujua ni mzigo kiasi gani unaingia ghalani kila sekunde, unazidisha uzito wa gunia kwa idadi ya wanaopita, na hizo ndizo wati. Huu si mfano wa kubahatisha, kwani vipimo vyenyewe vimetungwa hivyohivyo. Volti moja ni jouli moja ya nishati kwa kila kulombu moja ya chaji, na ampea moja ni kulombu moja kwa sekunde. Zidisha, kulombu zinafutana, inabaki jouli kwa sekunde, ambayo tumeipa jina la James Watt. Kwa hiyo P = V × I, yaani wati ni volti mara ampea, haihitaji kukaririwa.

Omu ni kitu kingine. Inaeleza njia yenyewe, kwamba ina ubishi kiasi gani. Ukiweka volti kadhaa kwenye ncha mbili za kitu, na ukapata ampea kadhaa, gawanya volti kwa ampea; jibu ndio ukinzani wa kitu hicho, R = V ÷ I. Omu moja maana yake inakubidi uweke volti moja ili upate ampea moja. Omu ishirini na sita, inakubidi uweke volti ishirini na sita kwa ampea hiyohiyo moja.

Jina hilo ni la Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari aliyezaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Kazi yake kubwa aliifanya akifundisha Köln, na kilichomtesa kwanza kilikuwa betri. Betri za siku zile zilikuwa zikianza kutoa mkondo, volti zake zinashuka ukiwa unapima, kwa hiyo usijue kilichobadilika ni waya uliouweka au betri yenyewe. Ohm akaachana nazo. Akachukua vyuma viwili, shaba na bismuthi, akaviunganisha ncha kwa ncha, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Volti zinazopatikana hapo ni ndogo mno, lakini hazitikisiki, kwa sababu maji yanayochemka na barafu havibadili joto lake. Baada ya kushika upande mmoja usitikisike, akaanza kubadilisha nyaya moja baada ya nyingine na kusoma sindano ya kipimo cha mkondo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827 na kikapokelewa kwa baridi nyumbani kwake. Heshima ilikuja baadaye kutoka ng'ambo, Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilipompa nishani ya Copley mwaka 1841.

Nimesimulia hayo kwa sababu ya lile jambo alilolifanya Ohm, kuuliza kwanza ni kitu gani kimeshikiliwa kisibadilike. Swali la kijana wangu linafunguka kwa ufunguo huohuo.

Turudi jikoni. Birika la shangazi lina kibandiko chini, kimeandikwa 220-240V, 1850-2200W. Watu husoma hapo wakadhani birika linajichagulia nguvu. Hebu tufanye hesabu. Volti 220 zikizidishwa kwa zenyewe ni 48,400. Gawanya kwa wati 1,850, unapata omu 26.2. Upande wa pili, 240 mara 240 ni 57,600. Gawanya kwa 2,200, unapata omu 26.2 tena. Namba nne za kibandiko zinaeleza koili moja tu, yenye omu 26.2. Hiyo ndiyo birika ilizaliwa nayo. Ampea na wati zitategemea volti zilizopo ukutani siku hiyo.

Unaweza kuhakikisha bila kugusa umeme. Chomoa birika, bonyeza swichi yake ikae kwenye kuwaka, weka multimita (kile kipimo cha volti, ampea na omu) kwenye omu, gusisha ncha zake kwenye zile pini mbili za chini za plagi. La shangazi lilisoma 26.5. Kabla ya kushangaa hiyo 0.3 iliyozidi, gusanisha ncha za multimita zenyewe kwa zenyewe: utaona nazo zina omu 0.2 au 0.3 zao. Unatoa.

Sasa ukutani kukiwa na volti 230, mkondo ni 230 ÷ 26.2, kama ampea 8.8, na nguvu ni 230 × 8.8, wati 2,000 na kidogo. Jioni watu wote wakiwasha vitu, volti zikashuka hadi 180, koili haijabadilika. Mkondo unakuwa ampea 6.9, nguvu wati 1,237. Angalia hapo: volti zimepungua kwa asilimia 22, wati zimepungua kwa karibu asilimia 39. Ndiyo maana ya V mara V. Volti zikishuka, makuli wanabeba magunia mepesi na wakati huohuo wanakuwa wachache. Unapigwa mara mbili.

Hapa kuna imani moja ya mtaani niisahihishe njiani. Watu husema umeme mdogo unakula uniti. Kwa birika, si kweli. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 inahitaji jouli kama 470,000, haijali zinafika kwa haraka au kwa pole. Kwa volti 230 zitafika kwa dakika nne kasoro, kwa volti 180 kwa dakika sita na ushei. Uniti ni zilezile, 0.13 kwa kila birika, ukiacha kijoto kinachotoroka kwa sababu umesubiri zaidi. Kinachopotea ni muda wako. Friji ni kesi nyingine, nitaifikia.

Haya, soketi. Tulipoitoa ukutani, skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, waya unachezacheza ndani ya kishikio chake cha shaba, na ncha ya waya imekuwa nyeusi. Kabla sijaikaza nilitaka kijana aone kwa macho. (Usiige hapa ikiwa si kazi yako, soketi iliyofunguliwa ikiwa na umeme haina huruma.) Nikarudisha umeme, birika likachomekwa, nikazungushia klampu mita kwenye waya wa moto peke yake: ampea 8.6. Kisha nikaweka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye shaba ya waya, ncha nyingine kwenye kishikio, yaani pande mbili za kiungo kile kilicholegea. Kiungo kizuri hapo kinasoma karibu na sifuri. Hiki kilisoma volti 4.3.

"Volti nne tu?" kijana akasema. Alitegemea kitu cha kutisha.

Piga hesabu. Ukinzani wa kiungo ni 4.3 ÷ 8.6, nusu omu. Nguvu inayobaki palepale ni 4.3 × 8.6, wati 37. Pasi ya kulehemea anayotumia fundi redio huwa na wati thelathini, arobaini, na inayeyusha risasi. Shangazi alikuwa na pasi ya namna hiyo imezikwa ukutani, nyuma ya plastiki, inawaka kila anapochemsha chai. Birika lina wati karibu 1,940 lakini limezungukwa na lita ya maji ya kulipoza. Kiungo kile kina ukubwa wa punje ya mchele na hakina pa kupumulia.

Na breka? Breka huhesabu ampea. Kiungo kikiwa kizima, birika linavuta ampea 8.8. Kiungo kikilegea, ukinzani wa njia nzima umeongezeka kutoka omu 26.2 hadi 26.7, kwa hiyo mkondo umeshuka hadi 8.6. Breka ya ampea 32 inaona mambo yamekuwa shwari zaidi kuliko jana. Itakaa hivyohivyo hadi plastiki ishike moto. Wenye nyumba wengi wanaambiwa waamini breka, na breka inastahili kuaminiwa kwa shoti na kwa mzigo uliozidi, ila kiungo kilicholegea kinapita chini ya pua yake. Hiki kinamtaka mtu na bisibisi.

Sasa yale mafomula mawili. Kijana alichukua V mara V gawanya kwa R, akaweka 230 na nusu omu, akapata wati 105,800. Akacheka mwenyewe. Kosa lake ndilo kosa la wengi: V iliyomo kwenye fomula ni volti zilizopo kati ya ncha mbili za kitu chenyewe unachokipima. Si volti za nguzo, si za kwenye kibandiko. Kiungo kina volti 4.3. Zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 0.5, unapata 37. Tumia njia ya pili, 8.6 mara 8.6 mara 0.5, unapata 37 vilevile. Mafomula hayajawahi kugombana. Yote ni V × I iliyovaa nguo tofauti: mara moja umeitoa V na kuweka I × R mahali pake, mara nyingine umeitoa I na kuweka V ÷ R.

Kinachobadilika ni nani ameshikiliwa. Vyombo vya nyumbani vimechomekwa sambamba, kila kimoja kinapata zile 230 zake peke yake. Hapo volti ndizo zilizoshikiliwa, kwa hiyo mwenye omu chache ndiye mwenye joto kubwa. Birika la omu 26 linachemsha; taa ya zamani ya wati 60 ina omu kama 880 na inatoa wati hizo 60 tu. Lakini vitu vikiwa vimefuatana kwenye njia moja, kama waya, kiungo, pini, fyuzi, halafu koili, wote wanapitiwa na makuli walewale, idadi moja. Hapo wanachoshirikiana ni mkondo, na ni birika lililoamua uwe kiasi gani. Kwenye foleni hiyo mwenye omu nyingi ndiye anayepata joto zaidi. Uhusiano wa joto na I mara I ulipimwa na James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia kule Salford, mwanzoni mwa miaka ya 1840, kwa koili iliyotumbukizwa kwenye maji na kipimajoto pembeni. Birika la kwanza la hesabu, ukitaka kuliita hivyo.

Kijana hakuridhika, na nilimpenda kwa hilo. Akauliza: kiungo kikiendelea kulegea, joto litaongezeka milele? Hapana. Kikifika omu moja, kinatoa wati kama 71. Kikifika omu 26.2, sawa na koili, mkondo unakuwa umeshuka hadi ampea 4.4, na kiungo na birika wanagawana sawasawa, wati 505 kila mmoja. Hicho ndicho kilele. Baada ya hapo omu zikizidi, mkondo unakufa kwa kasi na joto linapungua, mpaka kiungo kinapoachana kabisa na hakuna kitu. Lakini hayo ni ya kwenye daftari. Ukutani, joto huunguza shaba, shaba iliyoungua inapitisha umeme vibaya zaidi, omu zinaongezeka, joto linaongezeka. Hakuna soketi inayofika wati 505 ikiwa bado soketi.

Ekstensheni nazo zinasoma kitabu hichohicho. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, urefu wa mita kumi, ukihesabu kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.46, karibu sawa na kile kiungo cha shangazi. Birika likipita hapo, wati 34 hivi zinapotea. Mbona haiungui? Kwa sababu zimetawanyika kwenye mita kumi za waya ulio wazi hewani. Uviringishe waya huohuo ukiwa kwenye kigurudumu chake, uweke zulia juu, ule upepo umeuondoa. Na kama kwenye ekstensheni moja umechomeka birika, pasi ya wati 1,200 na jiko dogo la wati 1,500, jumla inakaribia wati 4,700, yaani ampea 20. Ile plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, sawa na wati 2,990 kwa volti 230. Fyuzi ungetegemea ikatike, ila kwa ampea 20 inaweza kuchukua muda mrefu wa kufikiria, au isikatike kabisa. Nimekuta fyuzi zilizofungwa karatasi ya sigara ya fedha. Hizo hazifikirii kabisa.

Kwa asiye na multimita, kuna njia nzuri ya kupima nguvu bila kufungua chochote. Mita nyingi za umeme zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kitapepesa mara elfu moja kwa kila uniti. Uniti moja ni jouli milioni 3.6, kwa hiyo kila kupepesa ni jouli 3,600. Zima kila kitu nyumbani, washa chombo kimoja unachotaka kukijua, hesabu kupepesa mara kumi kwa saa ya simu. Kwa birika la shangazi tulipata sekunde 17.8. Jouli 36,000 gawanya kwa 17.8 ni wati 2,022. Gawanya kwa 230, ampea 8.8. Gawanya 230 kwa 8.8, omu 26. Tumetoka kwenye kitaa kinachopepesa hadi kwenye koili iliyofichwa chini ya maji. Mita yako ikiandikwa 1600 au 3200 badala ya 1000, gawanya milioni 3.6 kwa namba hiyo upate jouli za kila kupepesa.

Sasa tahadhari, maana hadi hapa nimekuwa nikichagua mifano inayonisikiliza. Birika ni kitu kitiifu. Koili za vyombo vya joto hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, na ukinzani wake haubadiliki sana ikipata moto. Chukua ile taa ya zamani ya wati 60, ya uzi. Kibandiko kinakwambia omu 880. Ipime ikiwa baridi kwa multimita: utapata omu sitini hivi. Multimita si mbovu wala kibandiko hakisemi uongo. Uzi wa tangsteni ukiwaka unafika nyuzi kama 2,500 na ukinzani wake unapanda mara kumi na zaidi. Sekunde unapobonyeza swichi, taa ya baridi inavuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko kawaida, kisha inatulia. Ndiyo sababu taa hizo zilikuwa na tabia ya kufa pale tu unapoziwasha. R = V ÷ I bado ni kweli kwa kila dakika unayopima. Usichoruhusiwa ni kuchukua omu za taa baridi ukazipigia hesabu ya taa inayowaka.

Taa za LED ndiyo usijisumbue kuzipima omu. Ndani kuna sakiti inayojiamulia mkondo, multimita inaweza isisome kitu cha maana, na wati zake uzichukue kwenye kibandiko au kwenye kitaa cha mita.

Mota ndizo zinazowachanganya hata mafundi. Pima waya za ndani za pampu ya maji ya nusu hospawa, unaweza kupata omu kumi na kitu. Chukua 15: 230 mara 230 gawanya kwa 15 ni wati 3,500 na zaidi, wakati kibandiko chake kinasema 370. Kilichotokea ni kwamba mota ikizunguka inazalisha volti zake yenyewe zinazosukuma kinyume na zile za ukutani, na mkondo unaamuliwa na tofauti iliyobaki na mambo mengine ya sumaku. Ukinzani wa waya ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Zaidi ya hapo, kwenye mota mkondo na volti havipandi na kushuka kwa pamoja, kwa hiyo hata V × I inakupa namba kubwa kuliko wati halisi. Inabidi uizidishe kwa kipimo cha ulinganifu huo, ambacho kwa mota ndogo huwa chini ya moja.

Lakini shika mota hiyo isizunguke. Zile volti za kinyume zinapungua sana, na ghafla kinachobaki kuzuia mkondo ni kidogo. Mkondo unaruka, waya zinachemka, unasikia harufu. Hapo ndipo umeme mdogo unapoua friji. Volti zikishuka sana, kompresa inashindwa kuanza kuzunguka. Inanguruma, imekwama, inavuta mkondo wa mota iliyoshikwa. Birika kwenye volti 150 linachelewesha chai tu. Friji kwenye volti hizohizo inaweza isifike asubuhi. Kwa hiyo shangazi akiniuliza achomoe nini umeme ukiwa mdogo, namwambia friji. Birika aliache.

Hesabu hizihizi, ukizivuta hadi mwisho wake, ndizo zinazoeleza zile nguzo kubwa za chuma porini. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Tuseme mtambo mmoja tu tungetaka kuusafirisha kwa volti 230 za soketi, tukiacha pembeni habari ya fezi tatu. Megawati 235 gawanya kwa 230 ni zaidi ya ampea milioni moja. Hakuna waya wa kuzipitisha, na upotevu unakwenda kwa I mara I. Kwa kilovolti 400, ambazo ndizo za njia inayotoka bwawani kwenda Chalinze, mkondo unashuka chini ya ampea 600. Makuli ni wachache, kila mmoja na gunia la kutisha begani, na njia haibanani. Ukiongeza volti mara mbili, mkondo ni nusu, na joto linalopotea kwenye waya ni robo.

Upande mwingine wa mizani ni mwili wa mtu. Kwa volti za nyumbani, mtu huhesabiwa kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000, pungufu akiwa amelowa. 230 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.23. Breka ya ampea 32 haiwezi kuona mkondo mdogo hivyo, wakati moyo unaweza kuvurugwa na chini ya robo yake. Ndiyo kazi ya ile breka nyingine yenye kitufe cha majaribio: inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika ampea 0.03 inakata. Kama kwenye ubao wako wa umeme hakuna breka yenye kitufe hicho, huna ulinzi huo.

Tulizima meni, nikakata ile ncha nyeusi ya waya hadi nikafika kwenye shaba nyekundu, tukaweka soketi mpya, nikamwachia kijana akaze skrubu kisha avute waya kwa mkono aone kama unatoka. Tukawasha, birika likachomekwa, akapima mwenyewe pande mbili za kiungo. Multimita ilisoma volti 0.02. Akatoa simu, akagawanya kwa 8.8, akanionyesha: omu 0.002 na ushei, wati 0.18. Shangazi alikuwa ameshatoa vikombe.

"Kwa hiyo lile neno limetoka?" akauliza.

"Limetoka, shangazi. Ila skrubu za soketi nyingine tatu bado hatujazigusa."

"Basi kunyweni chai kwanza, halafu mzifungue zote."